Sanamu ya Ndege Isiyo na Mdomo wala Manyoya: Maoni Juu ya Istilahi za Uchongaji

Mwalimu mmoja wa Usoke, mkoani Tabora, ametuletea barua ya kurasa mbili ambayo imetushughulisha kwa majuma kadhaa. Shule anakofundisha ilipewa zawadi na mgeni aliyetoka Harare. Zawadi yenyewe ni kitu cha jiwe, kimo chake shubiri moja na nusu, rangi yake kijani kilichokoza hata kukaribia weusi, kimelainishwa mpaka kinang'aa. Upande mmoja kimeinuka kama shingo, upande wa pili kimekunjamana kama bawa lililofumbwa. Macho hakina, mdomo hakina, miguu hakina. Pamoja nacho kulikuwa na kikaratasi cha Kiingereza kilichoeleza kuwa ni kazi ya Kishona, ya namna ile isiyofuata umbo halisi, na kwamba mchongaji aliipata fikra yake kwa ndege. Mwalimu aliombwa na wenzake akifasiri kikaratasi hicho ili kiwekwe mezani Siku ya Wazazi. Tafsiri yake, ambayo anakiri kuwa aliifanya usiku mmoja akiwa na kamusi tu, ilisomeka hivi: "Sanamu ya Muhtasari ya Kishona Iliyovuviwa na Ndege".

Kilichofuata twaweza kukieleza kwa kifupi. Mzee mmoja mfuga nyuki aliisoma kadi, akamwuliza mwalimu kwa upole ndege hiyo ni ya shirika gani. Mama mmoja, mshiriki wa kanisa tangu utoto wake, alisema kwamba sanamu shuleni ni neno zito, na sanamu iliyovuviwa ni zito zaidi. Na mzee wa Kiislamu aliyekuwa nyuma yake aliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyepandisha sauti. Lakini mwalimu mkuu, mtu wa busara, alikifungia kitu hicho kabatini hadi hapo jina lake litakapokuwa limetengenezwa. Na mwalimu wetu anauliza: kosa lilikuwa katika neno lipi?

Jibu letu ni kwamba lilikuwa karibu katika kila neno, na hatusemi hivyo kwa kumdharau. Yeyote miongoni mwetu angeweza kuyatenda yayo hayo. Kazi hii, isitoshe, inazidi kuwa ya lazima. Tangu mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka 2019, Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na Zimbabwe ni mwanachama wa jumuiya hiyo. Hati za majumba ya makumbusho, za forodha na za maonyesho zitahitaji kufasiriwa, na hazitawafikia wataalamu wa sanaa peke yao. Zitamfikia karani wa kawaida mwenye kamusi na usiku mmoja.

Tuanze na neno sanamu. Tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni kitu kinachoabudiwa. Wafasiri wa Biblia walilitumia neno hilo hilo katika amri inayokataza kuabudu vitu vya kuchongwa. Kwa hiyo yule mama na yule mzee hawakukosea. Waliisoma kadi kwa Kiswahili walichofundishwa. Hata hivyo neno limetanuka zamani. Watoto wa pwani huziita picha za kitabuni sanamu, na Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927 haiabudiwi na mtu. Twaonelea kwamba neno lenyewe lina haki ya kubaki kuwa istilahi ya jumla. Ila kadi si kamusi. Kadi ina wasomaji wake, na mfasiri mwema huwafikiria kabla hajaandika. Katika chumba kile cha Usoke ingefaa kuanza na maneno "kazi ya uchongaji", na neno sanamu likaja baadaye, likiwa limekwisha kuonyeshwa ni la namna gani.

Wapo watakaouliza kwa nini tusiseme kinyago. Neno hili ni zuri na ni letu, lakini lina nyumba yake. Ni ndugu wa neno unyago, na kwa asili latupeleka kwenye ngoma za jando na unyago, kwenye sura za kuvaliwa na kuchezewa. Baadaye likaenea kwa kila kilichochongwa kwa mti, hasa mpingo, na ndiyo maana tunasema vinyago vya Kimakonde bila kusita. Lakini kinyago hutazamiwa kuwa na uso, hata kama uso huo ni wa kutisha au wa kuchekesha. Ndipo tunaposema kwamba fulani amefanywa kinyago. Jiwe lisilo na macho wala mdomo halimo katika nyumba hiyo. Neno mchongo nalo, ambalo kwa sarufi lingefaa sana, siku hizi limetekwa na vijana wa mijini: mchongo ni nafasi ya kupata fedha, na kitu "cha mchongo" ni kitu cha bandia. Hatuna ugomvi na vijana, lakini hatutaki kadi ya shule itangaze kwamba zawadi ni ya bandia. Kitenzi kuchonga kingali salama. Twachonga mti, twachonga kalamu, na waashi wa pwani walichonga matumbawe ya misikiti na majumba karne nyingi kabla yetu. Hapana haja ya kuunda kitenzi kingine kwa ajili ya jiwe.

Swali la yule mfuga nyuki lilikuwa la haki kabisa. Ndege mwenye uhai hufuata upatanisho wa viumbe, na ndege ya chuma hufuata wa vitu; tofauti hiyo hutuokoa katika sentensi, "ndege ameruka", "ndege imeruka". Lakini neno likikaa mwisho wa fungu, baada ya "na" au "ya", upatanisho hauonekani, na msomaji huchukua maana iliyo karibu naye. Liko neno la kale, nyuni, ambalo lina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu: Wanyamwezi wa Usoke kwenyewe husema noni. Tungependa kulifufua, lakini nyuni pia ni jina la maradhi ya watoto wachanga, degedege, na mama wa pwani akiliona kwenye kadi hatafurahi. Basi na tubaki na ndege, tukimpa neno la kumsaidia: "ndege wa porini", au, ikijulikana ni ndege gani, jina lake halisi.

Na hapa tunafikia jambo ambalo limetufurahisha kuliko yote tuliyokutana nayo katika uchunguzi huu. Ndege anayesimuliwa sana katika uchongaji wa Zimbabwe ni yule ambaye Washona humwita chapungu, aina ya tai mwenye mkia mfupi sana, ambaye akiwa angani huonekana kana kwamba ni mabawa matupu. Kiswahili kinamjua pungu, na kipungu, ndege mkubwa wa jamii ya tai. Mzizi ni ule ule. Mfasiri aliyekuwa akihangaika kutafuta neno la kigeni alikuwa nalo kinywani mwake tangu mwanzo. Kwa hiyo kadi ya Kishona ikisema chapungu, ya Kiswahili na iseme pungu bila kuomba radhi.

Ndege hao wana historia ndefu. Katika magofu ya Zimbabwe Kuu, ambayo jina lake huelezwa kuwa limetokana na maneno ya Kishona yenye maana ya nyumba za mawe, walipatikana ndege wanane wa jiwe laini, kila mmoja juu ya nguzo yake. Mji huo ulistawi kati ya karne ya 11 na ya 15, wakati dhahabu ya bara hiyo ilipokuwa ikipita Sofala na Kilwa. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa imepata kuokotwa pale. Mwaka 1889 mwindaji aliyeitwa Willi Posselt alimchukua ndege mmoja, akamwuzia Cecil Rhodes, na wengine wakafuata njia ya kuhama. Baada ya uhuru wa mwaka 1980 ndege huyo akawekwa katika bendera ya taifa. Mwaka 1981 Afrika Kusini ilirudisha baadhi ya wale waliokuwa huko, na mwaka 2003 Ujerumani ikarudisha kipande cha chini cha mmoja wao. Lakini kwa hoja yetu lililo kubwa ni hili: baadhi ya ndege hao wana midomo kama ya binadamu mahali pa mdomo wa ndege, na vidole vya miguu mahali pa kucha. Mchongaji wa karne hizo hakuwa na nia ya kumnakili tai. Alichukua kutoka kwa tai alichokitaka, akaacha kingine. Tutalirudia jambo hili.

Kwanza tumalizane na "iliyovuviwa". Kuvuvia ni kupuliza, na katika lugha ya kanisa mvuvio hutoka kwa Mungu. Wengine hupendelea ilhamu, neno la Kiarabu lenye heshima yake, na katika ushairi tunalikubali. Lakini ndege hapulizi wala hatoi ilhamu. Ndege hupita tu, na mtu akamtazama. Kiswahili kina namna nyepesi ya kusema hivyo: umbo "limetokana na" ndege. Hapa mwalimu alijitaabisha bure, kama sote tunavyojitaabisha tunapodhani kwamba kila neno la Kiingereza lazima lipate mwenzake wa uzito ule ule.

Neno "Kishona" linataka uangalifu wa namna nyingine. Uchongaji huu wa kisasa ulianza kujulikana baada ya mwaka 1957, Jumba la Sanaa la Taifa lilipofunguliwa katika mji wa Salisbury, ambao sasa ni Harare. Mkurugenzi wake wa kwanza, Mwingereza Frank McEwen, aliwahimiza watu wachonge, na mmoja wa waliotangulia alikuwa Joram Mariga, bwana shamba wa Nyanga, mashariki mwa nchi, aliyeanza na jiwe laini na kuwafundisha wengine. McEwen ndiye aliyezipeleka kazi hizo Ulaya kwa jina la Washona. Mwaka 1971 zilionyeshwa Paris katika makumbusho ya Rodin. Jina likashika. Lakini mwaka 1966, kaskazini mwa nchi, mkulima wa tumbaku aitwaye Tom Blomefield alianzisha mahali pengine pa kuchongea, Tengenenge. Serikali ya walowezi ilikuwa imejitangazia uhuru mwaka uliotangulia, nchi ikawekewa vikwazo, tumbaku ikakosa soko, na shambani mwake mlikuwa na jiwe gumu la serpentini. Wasomaji wetu wa Usoke na Urambo, wanaojua maana ya tumbaku kukosa mnunuzi, hawahitaji kuelezwa zaidi. Waliochonga huko Tengenenge wengi walikuwa vibarua waliotoka Malawi, Zambia, Angola na Msumbiji. Kuziita kazi zao za Kishona ni sawa na kuita kila kinyago cha Mwenge, Dar es Salaam, cha Kimakonde, hali waliokaa kwenye vigogo vile ni pamoja na Wazaramo, Wamakua na Wayao. Kwa vinyago desturi imekwisha kutushinda. Kwa mawe bado tuna nafasi, na tunapendekeza "uchongaji wa mawe wa Zimbabwe", isipokuwa pale inapojulikana kwa hakika kwamba mchongaji ni Mshona na jambo hilo lina maana katika kazi yake.

Sasa tuje kwenye neno lililokuwa kiini cha barua. Mwalimu aliandika "muhtasari" kwa sababu neno la Kiingereza lililo kwenye kikaratasi ndilo lile lile linaloandikwa juu ya ufupisho wa makala za wataalamu, nasi maofisini tumezoea kulifasiri hivyo. Kamusi haikumdanganya; ilimpa maana moja kati ya kadhaa, naye akaichukua ya kwanza. Wengi wangemsahihisha upesi: sema "dhahania". Neno hilo limezoeleka, na hatuna nia ya kuling'oa. Lakini walimu wa sarufi wanajua tunavyolitumia: nomino za dhahania ni upendo, uhuru, wivu, vitu vilivyomo akilini ambavyo havishikiki. Mwanafunzi aliyeambiwa hivyo asubuhi, kisha mchana akaonyeshwa jiwe ambalo likimwangukia mguuni litamvunja kidole, akaambiwa kuwa nalo ni dhahania, ana haki ya kuuliza mwalimu anasema kweli saa ngapi.

Tatizo ni kwamba neno moja la Kiingereza limebeba mambo mawili. Kwa asili ya Kilatini maana yake ni kuvuta kitu kutoka ndani ya kingine, kuondoa. Na kweli ziko kazi ambazo zimetokana na kitu cha duniani, ndege, mtu au samaki, mchongaji akaondoa manyoya, macho na makucha, mpaka pakabaki kile alichokiona kuwa ndicho ndege mwenyewe. Ziko na nyingine ambazo hazikuwa na ndege wala mtu tangu mwanzo. Mchongaji alifuata mwenendo wa jiwe au mti, matundu na mikunjo, na kazi haidai kuwa mfano wa kitu. Wazungu huziweka zote chungu kimoja. Hatuoni sababu ya Kiswahili kuchanganya kwa kuwa wao wamechanganya.

Asiyeamini kwamba jambo hili lina gharama na asikilize kisa kilichotokea Marekani. Mwaka 1926 kazi ya Constantin Brancusi, mchongaji aliyezaliwa Romania na kuishi Paris, ilifika bandari ya New York. Iliitwa kwa jina lenye maana ya ndege angani, nayo ilikuwa kipande kirefu chembamba cha shaba iliyong'arishwa, bila bawa wala mdomo. Kazi za sanaa hazikutozwa ushuru. Lakini maofisa wa forodha walitazama, hawakuona ndege, wakaiandika katika fungu la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, na kudai ushuru wa asilimia 40 ya thamani yake. Shauri likaenda mahakamani. Uamuzi wa zamani ulikuwa umesema kwamba sanamu ni lazima iige viumbe vya asili kwa vipimo vyao vya kweli, na mashahidi waliulizwa kwa kirefu kama wangemtambua ndege huyo wakimkuta msituni. Mwaka 1928 mahakama ikaamua kwamba ni kazi ya sanaa. Hebu mtumishi wa forodha wa Namanga au wa Tunduma afikiri angeandika nini katika fomu ya Kiswahili, iwapo neno alilopewa ni "muhtasari".

Kwa ile namna ya pili, isiyo na kitu ndani yake, tunadhani wachongaji wetu wenyewe wamekwisha kutufanyia kazi. Wachongaji wa Kimakonde waliohama kutoka Msumbiji na kukaa Dar es Salaam hawakungoja kamati ya istilahi. Kazi inayofuata umbo la mtu waliiita binadamu. Nguzo ya watu waliobebana, ujamaa. Viumbe vya ajabu vyenye viungo visivyo mahali pake, ambavyo huhusishwa na Samaki Likankoa mwishoni mwa miaka ya 1950, waliviita shetani. Na mpingo uliotobolewa na kukunjwa mpaka usiwe mfano wa chochote, waliuita mawingu. Neno hilo ni sahihi kuliko dhahania. Wingu laonekana, lina umbo, lakini umbo lake si la kitu kingine. Atazamaye ndiye anayesema hili ni ngamia, lile ni mlima. Tunapendekeza kwamba "uchongaji wa mawingu" upokewe kuwa istilahi ya kazi za namna hii, ziwe za mti au za jiwe, na dhahania ibaki kwa falsafa, sarufi na mazungumzo ya jumla juu ya sanaa.

Namna ya kwanza, ambayo ndiyo ya jiwe la Usoke, haikuwa na jina. Mwenzetu mmoja alipendekeza "sanamu dokezi", kwa kuwa inadokeza ndege bila kumtaja. Twaliona kuwa neno zuri, lakini linasema habari ya mtazamaji kuliko ya kazi. Bango la dukani nalo hudokeza. Mwingine alileta "umbo fupishwa", na mara tukajikuta tumerudi kwenye muhtasari kwa mlango wa nyuma. Neno tulilolishika hatimaye tumelitoa katika barua yenyewe. Mwalimu anasimulia kwamba, siku chache baada ya mkasa, alimfungulia yule mfuga nyuki kabati na kumweleza kwa maneno yake mchongaji alifanya nini. Mzee aliligeuza jiwe mikononi, akasema: "Kumbe amemchuja." Unyamwezi ni nchi ya asali. Mtu wa huko anajua kwamba asali ikichujwa haipungui kuwa asali. Kilichotoka ni masega na nta, na kilichobaki ni chenyewe zaidi.

Kwa hiyo tunasema "umbo la mchujo". Tunajua litakalosemwa. Mchujo ni neno la uchaguzi, na watumishi wa serikali watatabasamu. Na watabasamu, hata huko maana yake ni ile ile, kuondoa wengi ili abaki mmoja, ingawa si kila mara anayebaki ndiye asali. Neno linaeleweka bila fasili, linatokana na kitenzi ambacho kila jiko lina matumizi yake, na linazaa bila taabu: kuchuja umbo, umbo lililochujwa, mchujo mkali, mchujo hafifu. Henry Munyaradzi, aliyejiunga na Tengenenge mwaka 1967, alichonga nyuso ambazo macho yake ni miduara miwili tu na pua ni mstari. Huo ni mchujo mkali. Ndege wa Zimbabwe Kuu, wenye midomo ya watu, wana mchujo uliochanganyika na nyongeza. Na Wanyamwezi hawakuwa wageni katika jambo hili. Viti vya enzi vya watemi wao, vyenye kikalio cha duara, miguu mitatu iliyopinda na egemeo refu, ambavyo leo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, vingine vimechongwa mgongoni mwa egemeo umbo la mtu: kichwa, kiwiliwili na viungo vilivyorefushwa, pasipo kitu cha ziada. Fundi aliyekichonga kiti kama hicho alijua kuchuja kabla hatujamtafutia neno. Kiswahili kimekwisha kuchukua mtemi kutoka nchi hiyo, katika siku ambazo misafara ilikuwa ikipita Tabora kwenda Ujiji na wapagazi wakibeba maneno pamoja na pembe. Kuchukua na matumizi haya ya kuchuja si ajabu.

Limebaki jiwe. Katika Kenya, wachongaji wa Tabaka karibu na Kisii hutumia jiwe laini ambalo wafanya biashara huliita jiwe la sabuni, kwa vile lina utelezi wa sabuni likiguswa. Jina hilo linafaa, na lafaa pia kwa ndege wa kale wa Zimbabwe. Lakini kikaratasi cha mwalimu kinataja serpentini, ambayo ni ngumu zaidi, na kuiita jiwe la sabuni ni kosa. Jina lake na libaki serpentini, kwa matamshi yetu. Ziko aina zake ambazo wachongaji wa Zimbabwe wamezipa majina ya Kiingereza ya biashara. Hizo hatuzigusi kwa sasa, na tungeshukuru kupata maoni ya wanajiolojia. Juu ya mng'ao wake twaweza kusema kwa uhakika: jiwe husuguliwa kwa msasa na maji, mara nyingi, kisha hutiwa moto, na likiwa bado lina joto hupakwa nta. Kitenzi ni "kutia nta", na wasomaji wa Usoke, ambao nta ni bidhaa yao, watakijua kuliko sisi.

Tumemrudishia mwalimu kadi hii, aiweke au airekebishe kama aonavyo:

"Kazi ya uchongaji wa mawe kutoka Zimbabwe. Jiwe la serpentini, limetiwa nta. Sanamu hii ni ya umbo la mchujo: mchongaji alimtazama ndege wa porini, akaondoa macho, mdomo na manyoya, akabakiza shingo na bawa. Unaruhusiwa kuigusa."

Sentensi ya mwisho haikuwamo katika kikaratasi cha Kiingereza. Tumeiongeza kwa sababu ya yule mzee.